Goti la Shemasi Gaddis

Jumamosi ile Soko la Mashariki lilikuwa limefurika kama ilivyo kawaida ya Detroit mwezi wa tano, watu wakigombania maua na mboga. Corliss Gaddis alikuwa amevaa gauni la manjano lililomshika vizuri kiunoni, raba nyeupe miguuni, na kifuani amekumbatia furushi la sukuma wiki. Akiwa anapita zake, sanduku refu jeusi likamgonga ubavuni. Sukuma zote chini.

"Samahani, dada! Hili sanduku halina macho."

"Na anayelibeba je?"

Aliyelibeba alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya kiwanda cha magari imemkaa kama suti, jina Pettway limeshonwa kifuani. Alipiga magoti akaanza kuokota jani moja moja. Corliss hakumtazama yeye; alilitazama sanduku.

"Hilo ni gitaa la pedali, lile linalosimama kwa miguu yake kama meza."

Thaddeus Pettway akainua kichwa. "Umejuaje? Tangu nimetoka nalo Hazel Park watu wananiuliza kama nimebeba maiti."

"Nimekua nikicheza chini ya moja. Unapiga kanisa gani?"

"Sipigi. Ndiyo kwanza nimelinunua kwa mzee mmoja Mzungu. Nakwenda kulifumua nyaya na vyuma, niliongezee wenzo wa kusukumwa na goti."

"Yaani hujui kupiga, lakini unalifanyia upasuaji."

"Mashine nazijua. Muziki utanikuta njiani."

Corliss alicheka, na ilikuwa muda mrefu hajacheka. Lakini alipotaja kwamba baba yake ni Shemasi Alonzo Gaddis, Thaddeus akalitua sanduku chini. Alipokuwa mtoto, shangazi yake alimpakata katika kanisa la Shemasi huyo, naye akamsikia akiliza gitaa mpaka akina mama wakawa wanakimbia katikati ya viti wakilia.

"Bado anapiga?"

"Amekatwa mguu kwa sukari. Wa kushoto, chini ya goti. Ndio mguu wa pedali. Tangu Novemba hajaligusa."

Thaddeus akalinyanyua sanduku lake taratibu. Aliomba namba ya simu, akapewa.

Wakaanza kupigiana simu kila mchana, saa ya chakula.

"Fundi maiti, umekula?"

"Nimekula, malkia wa sukuma. Na wewe?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo! Nasikia unatafuna."

Thaddeus akawa anakaribishwa chakula cha Jumapili: makaroni na jibini, mkate wa mahindi, sukuma zilizopikwa na nyama ya bata mzinga. Shemasi alikaa kwenye kiti chake, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, akiutazama ukuta. Gitaa lake lilikuwa kando, limefunikwa shuka. Corliss alimkatia nyama, akamfuta kidevu, akampa dawa. Thaddeus aliyaona yote hayo, akazidi kumpenda.

Mwezi wa saba akataja ndoa. Corliss akamziba mdomo kwa kiganja.

"Thad, mpenzi wangu, usinitese. Nitamwacha na nani? Anatazama ukuta tangu asubuhi. Mpaka nimwone anapiga tena, mimi siendi popote."

"Na asipopiga?"

"Basi nitazeeka naye humu ndani. Na gitaa lake usiliguse. Wameshakuja watatu kutaka kulinunua, kana kwamba nimeshamzika."

Maneno hayo Shemasi aliyasikia. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Jumatatu, Corliss akiwa kazini, mzee alimpigia simu Thaddeus.

"Kijana, njoo ulichukue gitaa. Lifanye niweze kulipiga. Lakini Corliss asijue. Nikishindwa, nishindwe bila yeye kuniona. Niapie."

Thaddeus akaapa, akalichukua siku hiyo hiyo, na shuka akalifunika juu ya viti viwili Corliss asigundue.

Katika ufundi huo alikuwa mwanafunzi tu, vitabu viwili na gitaa moja lililochakaa. Aliona jambo ni rahisi: mguu wa kushoto haupo, basi pedali zihamie kulia. Akatoboa matundu manne, akahamisha fimbo za chuma na pedali tatu, akaenda kumchukua Shemasi kwa gari, akamleta gereji kwake. Mzee alikaa, akatazama chini, kisha akamtazama yeye.

"Na pedali ya sauti nitaikanyaga na nini? Kichwa?"

Thaddeus aliitazama pedali ya sauti. Mguu wa kulia ulikuwa na kazi yake tangu zamani: ndio unaoinua sauti na kuishusha, ndio unaolifanya gitaa lilie. Yeyote aliyepiga mwezi mmoja angelijua hilo.

"Nimeliharibu, Shemasi."

"Umelitoboa. Kuharibu ni jambo jingine." Mzee akajipapasa paja la kushoto, taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Goti ninalo bado."

Ikawa hivyo: kazi ya pedali, ile ya kuvuta nyuzi zibadili noti, ipelekwe kwenye nyenzo tatu, moja isukumwe na goti kushoto, moja kulia, moja juu. Thaddeus akaanza upya.

Jumatano Corliss aliporudi nyumbani alikuta shuka limeanguka sakafuni, viti viwili tu, gitaa hakuna. Baba yake alisema tu, "Nimelitoa," akageukia ukuta. Corliss hakubadili hata sare ya kazi. Fundi wa magitaa alimjua mmoja tu; aliendesha moja kwa moja hadi gereji ya Thaddeus, akalikuta gitaa limepinduliwa tumbo juu, pedali zimetupwa pembeni, mbao ina matundu mabichi.

"Haya matundu katoboa nani?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Nilikosea, Corliss."

"Ulikosea? Gitaa la miaka arobaini unalifanya la mazoezi? Umemrubuni vipi baba akakupa?"

Thaddeus alijifuta mafuta mikononi. "Siwezi kukwambia."

"Wale watatu angalau walibisha hodi. Wewe ulikula mezani kwetu, ukanibusu, kumbe macho yako yako chini ya shuka! Usinipigie tena."

Hakupigiwa tena, kwa sababu alikuwa ameizuia namba. Alilia chumbani, na Shemasi alimsikia kutoka kwenye kiti chake. Mara mbili alitaka kumwita amwambie ukweli. Kiburi kikamshinda, na hilo ni kosa lake, lisitupiwe mwingine.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, Shemasi aliomba suti yake nyeusi.

"Nipeleke kanisani, mwanangu."

Corliss alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, yeye mwenyewe kavaa nyeupe tupu na kofia pana. Mbele, mahali pake pa zamani, gitaa lilikuwa limesimama. Kando yake, Thaddeus, suti ya kahawia, macho chini. Corliss akasita.

"Nisogeze," alisema baba yake.

Noti ya kwanza iliteleza. Ya pili ikapotoka, na mama mmoja akanong'ona, "Msaidie, Bwana." Paja la Shemasi lilitetemeka kati ya vyuma. Kisha goti likaipata njia, mguu wa kulia ukainua sauti polepole, na gitaa likalia. Halikulia kama zamani. Lilikuwa na kigugumizi. Lakini lilikuwa lake, na kanisa zima likasimama. Corliss alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili akalia bila kujificha.

Baada ya ibada alimwinamia baba yake. "Ni wewe uliyemwita."

"Mimi, na nilimwapisha. Nilikuwa nakula ujana wako kwenye kile kiti, Corliss. Nisamehe. Na yeye umsamehe."

Corliss alimkuta Thaddeus nje, akikunja nyaya.

"Ungeniambia."

"Niliapa. Na matundu ni kosa langu kweli."

"Daktari anautazama na mguu wa kulia wa baba. Nao umeanza kuharibika."

"Najua. Shemasi alinieleza siku ile tulipoanza upya."

"Kwa hiyo mlikuwa mnaambizana yote nyinyi wawili, mimi nikafichwa!" Alimpiga kifuani ngumi isiyo na nguvu. "Usinifiche tena kitu, hata akikuapisha nani."

"Sitakuficha, mama."

"Basi unioe upesi, Thad, baba akiwa bado na mguu wa kutupigia."

Walioana Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Shemasi alipiga tangu bibi harusi anaingia mpaka anatoka, sauti ikipanda na kushuka kama alivyotaka mwenyewe. Mguu wa kulia ulikatwa mwezi wa kumi.