Kitambaa Chini ya Gunia

Wewe uliyepita Jumatano ile saa moja kasorobo asubuhi, ukaona miguu ya mtu kwenye shamba la mihogo na gunia kichwani pake, ukageuza baiskeli na kushika njia ya juu: nakujua. Nyumbani ulisema njia ya chini ina matope. Ilikuwa Agosti. Matope gani?

Aliyesimama ni Winnie. Alimtambua mumewe, Nestori, kwa kiraka cha suruali alichokishona mwenyewe. Hakuligusa gunia, wala hakumruhusu mtu aliguse, mpaka saa tatu na robo alipofika kitongojini, huku nyuma ya Mabamba, Sajenti Careen, mpelelezi kutoka Kibondo mjini, mzaliwa wa Nyakitonto. Alikuja na Daktari Hilali.

Walizungushia vitenge, watu wakarudishwa nyuma, Winnie pia. Walipofungua kamba, chini ya gunia kulikuwa na kitambaa cheupe kimefungwa machoni.

"Pigo moja, utosini," Hilali alisema. "Tazama damu: imeshuka mpaka kwenye nyusi, ikakauka. Kitambaa kimekuja juu yake. Kwa nje ni safi."

"Kwa hiyo alifunikwa akiwa amekwisha kufa."

"Nusu saa baadaye, labda zaidi."

Careen alikinusa kitambaa. Moshi na nta. Akakitia kwenye bahasha. "Daktari, habari ya hiki tunaijua mimi na wewe tu. Hata mjane usimwambie."

Lakini kitongoji kilikuwa kimekwisha kuhukumu. Anatoli, kamanda wa sungusungu na baba wa ubatizo wa Nestori, alikuwa amemfunga Habonimana kamba kwenye ofisi ya kitongoji. Habonimana aliwahi kuwa mwanajeshi ng'ambo ya mpaka kabla ya kupata uraia huku. Mkutano ulipangwa saa nane mchana, na mikutano hiyo unajua inavyokwisha. Mtu huvikwa gunia, kila mwanaume hupiga fimbo moja, ili asiwepo mwuaji. Miaka minne iliyopita mtuhumiwa mmoja, Mpawenimana, alitoka kwenye mkutano kama huo akaingia kaburini. Redio ikasema ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba Hasira Kali ni ukoo wa watu wanaoishi bondeni.

Saa tano Careen aliingia ofisini, akamwamkia Habonimana kwa lugha ya mpakani.

"Mwakeye, mzee. Wanasema haya ni mambo ya kijeshi."

Habonimana alicheka kwa uchungu. "Afande, vitani nimeyaona. Wa kupigwa risasi hufungwa kitambaa, wa kunyongwa huvikwa mfuko. Husema ni huruma, asione kifo chake. Uongo! Ni ili mpigaji asitazamwe, mkono usimtetemeke. Lakini gunia? Gunia ni la sungusungu wenu. Siku ya Mpawenimana nilikataa kushika fimbo. Ndiyo maana leo nimefungwa."

"Na zaidi ya gunia, Nestori alifungwa nini?"

"Kuna kingine? Mie nimesikia gunia tu."

Careen akatoka kumtafuta Winnie.

"Dada, mumeo alikuwa anakwenda wapi?"

"Kituoni kwako." Winnie hakulia. "Siku ya Mpawenimana yeye ndiye aliyeshika kamba. Fimbo zilipokwisha, yule mtu alikuwa hai bado. Mmoja akarudi na jiwe. Nestori alimwona. Miaka minne halali vizuri. Leo saa kumi na moja alfajiri aliondoka, akasema atapita kwanza kumwambia mwenyewe usoni, ndipo apande gari."

"Jina?"

"Hakulitaja. Alisema kumpeleka polisi itakuwa kama kumpeleka baba yake. Na baba mkwe tulishamzika, afande, zamani sana."

Saa nane Anatoli alisimama mbele ya watu, gunia jipya begani.

"Ndugu wananchi! Mwanangu Nestori amefungwa kitambaa machoni, akavikwa gunia, akapigwa kama mnyama. Hiyo ni kazi ya jeshi la ng'ambo. Nani mwanajeshi hapa?"

"Habonimana!"

"Mzee Anatoli," Careen alisema, "rudia. Alifungwa nini?"

"Gunia, binti. Kila mtu ameona."

"Kabla ya gunia."

Anatoli alihamishia gunia bega la pili.

"Kitambaa... watu wanasema."

"Watu gani? Winnie, wewe uliona kitambaa?"

"Kitambaa kipi? Mimi niliona gunia."

Careen alikitoa kwenye bahasha, akakiinua juu. Katikati ya umati, Dorcas, mke wa Anatoli, akaropoka: "Si chujio langu la asali hilo? Nimelitafuta tangu asubuhi!" Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Anatoli aliketi chini kwenye vumbi.

"Alikuja kwa heshima," alisema. "'Baba, naenda kusema, sitaki ulisikie kwa wengine.' Nikamsihi. Akakataa. Alipogeuka nikampiga."

"Na Mpawenimana? Ulirudi na jiwe kwa nini?"

"Aliniita. Ndani ya gunia, nilidhani haoni kitu, akaniita kwa jina langu. Angeishi, angelitaja."

"Mbona Nestori ulimfunika mara mbili?"

"Nilikwenda kuleta gunia, chujio likiwemo ndani; niliporudi nikakuta macho wazi. Gunia lina matundu, afande. Yule mtoto nilimshika mimi siku ya kubatizwa."

Winnie alilichukua gunia kutoka begani kwa Anatoli, akalitandika kwenye meza ya mkutano.

"Huyu ni mmoja. Waliopiga fimbo walikuwa kumi na wawili. Mwingine aje anitazame. Uso wangu huu hapa, sijaufunika!"

Wanaume walitazama viatu vyao. Winnie akaingia ofisini, akamfungua Habonimana kamba kwa meno yake.

Nawe ulikuwepo siku ile ya fimbo, na baiskeli yako. Usiniambie hukuona, gunia lilikuwa kichwani kwa Mpawenimana, kwako halikuwepo. Daftari la Sajenti Careen liko kituoni, lina jina moja, na Habonimana bado analala na panga mlangoni kwa kuwaogopa kumi na mmoja waliobaki. Weka jembe chini. Nenda leo, kabla jua halijazama, ukayataje majina yote. Anza na la kwako.