Muhuri Aliopiga Chepkemboi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chepkemboi alifungua ofisi ya mwalimu mkuu kwa ufunguo aliokabidhiwa, akaifagia na kupanguza meza. Jumatano ile alipanguza upande mmoja tu wa meza. Muhuri wa shule ulikuwa palepale alipouacha juzi, naye hakutaka kuugusa tena.

Mambo yalianzia kijitoni. Chama cha sanaa cha shule yao, karibu na Njoro, kiliopoa takataka majini: chupa, kandambili, magunia ya viazi, mabati yenye kutu. Wanafunzi wakaunda ndege heroe, nyati na mamba kwa takataka hizo. Maonyesho yalikuwa Ijumaa na wazazi wamealikwa, ila pa kuyafanyia hapakuwapo. Bwalo la shule liliezuliwa na upepo mwaka juzi. Wakubwa wa serikali walikuja, wakapigwa picha, wakaahidi mabati, wakaenda zao. Hadi leo hakuna aliyerudi.

Chepkemboi, mwenyekiti wa chama, akatumwa kuomba ukumbi wa chifu. Karani wa chifu, Jonah, hakuinua hata macho.

"Barua hii haina muhuri. Hii ni ya kufungia mandazi. Nenda!"

Mwalimu mkuu, Bwana Kang'ethe, alikuwa mkutanoni Nakuru. Chepkemboi hakumngoja. Jumatatu aliugonga muhuri mwenyewe, akaiga sahihi ya mwalimu mkuu. Jonah akaipokea barua, akasema, "Sawa. Nitampigia mwalimu wenu nihakikishe."

Tangu hapo alirudisha kila sahani ikiwa nusu. Pikipiki ikipita langoni, alidhani ni Jonah.

"Mbona uko kama kuku aliyenyeshewa?" Kigen, mwanachama mwenzake, alimchokoza dirishani. "Ukumbi si tumepata?"

"Niache, Kigen!"

Bwana Kang'ethe akaingia, mkoba ungali begani. Simu yake ikalia. Akaitazama. "Karani wa chifu? Huyu anataka nini asubuhi yote hii?"

Chepkemboi aliruka mbele.

"Mwalimu, usipokee kwanza! Ni mimi. Nilipiga muhuri kwenye barua ya kuomba ukumbi wa chifu. Sahihi pia ni mimi."

Simu ililia hadi ikanyamaza. Mwalimu akaitia mfukoni.

"Ufunguo wa ofisi, weka mezani," alisema. "Sasa twende ukamwambie karani kwa mdomo wako."

Njia nzima alihisi kama anapelekwa polisi. Jonah alimsikiliza, akaichana barua vipande viwili.

"Ukumbi hamna! Mtoto mdogo hivi, na sahihi za uongo?"

Wakashika njia ya kurudi shuleni. Penye kibanda cha kukusanyia maziwa, msimamizi, Mzee Kihara, alikuwa akiosha mikebe. Mkulima wa mwisho alikuwa ameshaondoka. Chepkemboi akasimama.

"Mwalimu, naomba nimuulize."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Shikamoo, mzee. Kibanda hiki kikimaliza maziwa, huwa kitupu hadi kesho?"

"Marahaba. Kitupu kabisa. Kwani?"

"Tunatafuta mahali pa maonyesho Ijumaa. Barua sina. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya uongo, nikanyang'anywa ukumbi."

Mzee Kihara alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wakulima huniletea maziwa yenye maji, nao huapa kwa jina la Mungu mpaka nitoe kipimo. Wewe umejipima mwenyewe! Mje saa nne. Lakini hayo matakataka yaoshwe kwa sabuni, na sakafu uisugue wewe, kabla na baada. Maziwa hushika harufu."

Ijumaa Chepkemboi alisugua hadi vidole vikachubuka. Wazazi walijaa, heroe wa kandambili akashangiliwa, na Kigen akajigamba kwamba mamba ni wake peke yake.

Watu walipoondoka, Bwana Kang'ethe alimkuta Chepkemboi amepiga magoti, brashi mkononi.

"Mwalimu, lakini wale wakubwa wangetuezekea bwalo, nisingefanya vile."

"Ni kweli wametutupa, na mimi sitaacha kuwasumbua," alisema mwalimu. "Lakini kosa lao ni lao, Chepkemboi. Halikupi ruhusa ya kufanya lako. Ufunguo nitakurudishia siku nitakapokuamini tena, na siku hiyo utaileta wewe, si mimi."

Chepkemboi akaitikia, akachovya brashi ndooni. Kwa mara ya kwanza wiki ile, alihisi njaa.