Mwizi wa Maji ya Moto Nkuhungu

Kila alfajiri, kabla hajamsalimia mtu, Mwantum alitoka uani na kuweka mkono chini ya bomba la maji ya moto. Nyumba yake iko Nkuhungu, Dodoma, na baridi ya Juni ya huku haina adabu. Upepo unapiga mabati, vumbi linaingia hata kwenye sufuria yenye mfuniko.

Binti yake, Rukia, alikuwa amerudi nyumbani na kujifungua mtoto wa kwanza. Mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Mwantum hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hita ya sola juu ya bati: mirija ya kioo imeinama kuelekea jua, na juu yake limelala tangi la maji.

Lakini asubuhi hiyo, kama jana na juzi, bomba lilitoa maji ya baridi.

"Ameiba tena," akasema.

"Nani?" akauliza mumewe, Nurdini, akiwa bado ndani ya blanketi.

"Unaniuliza nani? Tangu aje yule mpangaji, haya maji yamewahi kuwa ya moto asubuhi?"

Mpangaji huyo ni Anitha, binti wa Mpwapwa. Alikaa chumba cha uani na kuuza uji kwa madereva wa bajaji. Aliamka kabla ya watu wote. Kwa Mwantum, kosa lilianzia hapo.

"Uji wake unawahi mno kuiva. Mkaa gani unachemsha haraka hivyo?"

"Mkaa mkavu," Nurdini akajibu.

"Haya, mtetee!"

Jioni Mwantum akafunga uzi mweusi kwenye bomba. Mtu akilifungua, uzi utakatika. Asubuhi akautazama. Uzi mzima, maji baridi.

"Umeona?" Nurdini akasema. "Hakuna aliyeligusa."

"Kafungua, kachota, kafunga upya. Tazama hilo fundo. Langu halikuwa zuri hivyo."

Sasa Mwantum akabuni ulinzi mpya. Jioni alichota maji ya moto mengi iwezekanavyo. Akajaza ndoo, madumu na mabeseni, akayaficha chini ya kitanda cha Rukia. Mwizi akija, asikute kitu. Asubuhi madumu yalikuwa yamepoa. Bomba nalo likatoa maji baridi, tena baridi kuliko jana. Rukia akakaa akitetemeka, akisubiri mkaa ushike.

"Tangi halijakauka, maji yanatoka," Mwantum akalalamika. "Sasa yale ya moto yamekwenda wapi kama hayajaibwa?"

Mchana wanawake wa mtaa wakaja kumwona mtoto. Anitha ndiye aliyewapelekea uji. Mwantum akasema kwa sauti, "Humu ndani siku hizi kuna mkono mrefu. Hata maji ya mzazi hayasalimiki."

Jirani mmoja, Joha, akamtazama Anitha. Na wengine wakamtazama. Anitha akaweka upawa chini.

"Mama Rukia, taja jina."

"Unajijua. Mwezi ukiisha, nipishe chumba changu."

Anitha akaokota upawa, akarudi chumbani kwake. Jioni akaenda Makole kutafuta chumba kingine, akalala huko kwa shangazi yake.

Alfajiri Mwantum akaenda bombani akitabasamu. Leo mwizi hayupo. Akafungua. Maji yakatoka baridi.

Akarudi ndani polepole, akasimama juu ya mumewe.

"Baba Rukia, uliamka usiku?"

"Niliamka. Nilikwenda chooni."

"Na ndoo?"

Nurdini akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, muite fundi kabla hujamkamata huyu mtoto mchanga."

Fundi Elisante akafika kesho yake mapema, jua halijapanda. Mwantum akampokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Nataka kufuli la bomba, sitaki hadithi. Nyinyi mafundi mnalegeza vitu ili muitwe tena."

"Umewahi kuniita, mama?"

"Bado."

"Basi nivumilie, nianze kwanza kuharibu."

Nurdini akageukia ukutani kuficha kicheko. Elisante akauliza, "Jioni mnatumia maji kiasi gani?"

Mwantum akamweleza kwa fahari habari za madumu. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mwizi nimempata. Ni wewe."

"Nani? Mimi?"

"Hili tangi ni kama chupa ya chai. Linatunza joto la jua mpaka kesho. Lakini tofauti na chupa, halikai tupu. Ukichota ya moto juu, maji baridi yanaingia chini kujaza nafasi. Ukichota mengi jioni, jua limeshakwenda, nani atayapasha yale mapya?"

Mwantum akahesabu madumu kwa vidole. Kisha akasema, "Lakini kabla ya madumu? Maji yalikuwa baridi hata kabla."

"Hilo swali zuri. Njoo uone mwenyewe, usiniamini mimi."

Akasimamisha ngazi, akaishikilia. Mwantum akapanda mpaka akaiona hita. Mirija ilikuwa ya rangi ya udongo. Akaifuta kwa kidole, kidole kikawa chekundu.

"Jua linagonga hodi, vumbi linajibu hakuna mtu," Elisante akasema. "Ioshe mara kwa mara, hasa msimu huu wa upepo. Lakini asubuhi na mapema au jioni. Kioo cha moto ukikimwagia maji baridi kinapasuka."

Mwantum aliposhuka, fundi akapanda, akafunga maji yanayoingia, akafungua tundu la chini la tangi. Yakatoka maji meupe kama maziwa, kisha vipande vyeupe.

"Huu si ukoko wa kwenye birika langu?" Mwantum akauliza.

"Ndiyo huo. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi. Ukoko ukijaa kwenye mirija, joto halipiti vizuri. Usafishwe kila mwaka. Na ndani mna fimbo ya madini. Chumvi inaila hiyo badala ya kulila tangi. Tazama ya kwenu, imebaki kama njiti."

Akaweka fimbo mpya. Akalivisha sponji bomba la juu ya bati, maana lilikuwa uchi kwenye upepo. Akajaza tangi kabla mirija haijapata moto.

"Jioni mchote ya mzazi tu. Vyombo vioshwe kwa maji ya kawaida. Na kesho jihadhari, yatakuwa ya moto kweli. Changanya na baridi, upime kwa kiwiko kabla ya kumgusa mtoto."

"Na kufuli?" Mwantum akauliza kwa sauti ndogo.

"Ukilitaka nitaliweka. Lakini ufunguo utampa nani?"

Kesho yake Mwantum akaweka mkono chini ya bomba, akauvuta haraka. Yanachoma! Rukia akakandwa mapema, akalala usingizi mzito na mtoto kifuani. Mwantum alipaswa kufurahi. Badala yake alikaa kizingitini akiutazama mlango wa Anitha.

Mchana Anitha akaja kuchukua godoro. Wageni wa mtoto walikuwa wamejaa tena uani. Mwantum akamzuia njiani.

"Umepata chumba?"

"Nimepata."

"Kina maji ya moto?"

"Hakina. Hata hapa sikuwahi kuyagusa, mama. Hukuniambia kwamba na mimi naruhusiwa."

Mwantum angeweza kumvuta pembeni na kunong'ona. Lakini hakuwa amenong'ona siku ile. Akawageukia wanawake.

"Nilisema humu ndani kuna mwizi. Hakuna. Tangi lilikuwa chafu, na mimi ndiye niliyekuwa nayamaliza maji. Anitha hakuchukua hata kikombe. Nimemkosea, na ninamwomba abaki."

Anitha akaweka godoro chini, akalikalia.

"Sema tena, Mama Rukia," akasema, akijizuia kucheka. "Joha yuko nyuma, hajasikia."

Mwantum akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.