Kabichi Zisizo Zetu

Kengele ya asubuhi iligongwa na mpishi wa shule, naye aliigonga kama mtu aliyekosana nayo. Waliokuwa wakifagia uwanja walitupa mifagio, waliokuwa bado getini walitimua mbio, na muda si mrefu wanafunzi wote walikuwa wamejipanga mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

"Tumsifu Yesu Kristo!" alisema Sista Mkuu.

"Milele na milele, amina!" walijibu, wengine wakiwa bado wanahema.

Baada ya sala, Sista Mkuu alitangaza shughuli za wiki. Siku hiyo jioni kungekuwa na mazoezi ya maandamano ya matoleo. Jumatano ilikuwa siku ya kitubio. "Na Padre ameniambia," alisema Sista akiwatazama juu ya miwani yake, "amechoka kusikia dhambi za majirani. Kila mtu alete zake." Wanafunzi wakacheka. Alhamisi wangesafisha kanisa, Ijumaa wangewatembelea wagonjwa, na Jumapili ndiyo ingekuwa sikukuu yenyewe ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake. Baba Askofu angekuja kuongoza Misa.

Somo wa shule hiyo alikuwa mtakatifu aliyeishi kwa kulima mashamba. Kwa sababu hiyo kila darasa lilipewa kipande cha bustani nyuma ya kanisa, na siku ya sikukuu kila darasa lilipeleka altareni mazao liliyoyalima lenyewe.

"Darasa la tano, nyanya," Sista aliendelea. "Darasa la sita, kabichi."

Wanafunzi wa darasa la sita wakatazama viatu vyao.

Katika mstari wao alisimama msichana aliyeitwa Msumari. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, na pia kwa sababu akishaingia kwenye jambo, kumtoa ni kazi. Ndiye aliyechaguliwa kubeba kikapu cha darasa lake na kusema maneno ya kutolea. Naye alijua hali ya bustani.

Kabichi zile zilipandwa vizuri. Mwalimu wa Kilimo aliwaonyesha namna ya kuchimba, kutia samadi na kupanga miche. Lakini yalipoanza mashindano ya mpira kati ya madarasa, zamu za kumwagilia ziligeuka zamu za kutegeana. Huyu alisema fulani atamwagilia, na fulani alikuwa uwanjani anashangilia. Jua halikumsubiri mtu. Nyingi zilikauka, na zilizobaki zilidumaa, majani yake yakiwa yametobolewa na wadudu.

Jioni walikwenda kanisani kwa mazoezi. Mwalimu wa Kilimo aliingia kupitia mlango wa sakristia, chumba kilicho kando ya altare, akiwa amebeba gunia begani. Alipolifungua, darasa zima lilishangilia. Zilikuwa kabichi kubwa, nzito, za kijani kibichi, kila moja kama kichwa cha mtoto.

"Polepole, hapa ni kanisani," alisema Mwalimu, ingawa mwenyewe alikuwa anatabasamu. Alizipanga kikapuni, akampa Msumari. "Haya, mama. Tembea taratibu, inua kikapu, sema maneno yako."

Msumari alitembea hadi mbele ya altare. Akainua kikapu. Maneno aliyajua kwa moyo: *Baba Askofu, pokea kazi ya mikono yetu.* Alifungua mdomo, akaufunga.

"Sema basi!" alinong'ona mwenzake nyuma.

Msumari akageuka. "Mwalimu, hizi zimetoka wapi?"

"Zimetoka ardhini, kama kabichi zote."

Watoto wakacheka. Msumari hakucheka. "Zimetoka sokoni, Mwalimu. Si zetu."

"Zitakuwa zenu mkishazitoa. Endelea."

"Siwezi kusema ni kazi ya mikono yetu."

Tabasamu la Mwalimu likatoweka. Alimsogelea na kushusha sauti. "Sikiliza, binti. Mgeni wetu ni Askofu. Darasa la tano wanaleta nyanya zinazong'aa. Wewe unataka niwapeleke mbele yake na vile vinyago vya bustanini? Mwaka mzima nimewasifu ofisini kwamba darasa langu ndilo linaloongoza kwa kilimo. Nitauweka wapi uso wangu?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini sisemi uongo mbele ya altare!"

Sauti yake ilipanda kuliko alivyotaka. Ikagonga kuta na kurudi, na wenzake wote wakamkodolea macho. Hata mama aliyekuwa akipanga maua aligeuka.

Mwalimu akamnyang'anya kikapu. "Umenipigia kelele, tena kanisani. Kesho utakuja mbele ya darasa uombe radhi na useme maneno yako kama nilivyokufundisha. Ukikataa, maandamano utayaonea dirishani."

Njiani wenzake walimwandama kama nyuki.

"Mtakatifu Msumari, utuombee!" alisema mmoja, na wengine wakaitikia, "Utuombee!"

Rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa Kifutio kwa kuwa daima alikuwa akiazima cha wenzake, alimvuta mkono. "Wewe nawe! Kabichi ni kabichi. Unadhani Mungu anatofautisha ya bustani na ya sokoni?"

"Asipotofautisha yeye, atatofautisha nani?"

Kifutio alikuna kichwa. "Haya, lakini darasa zima litaaibika kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu? Mimi ndiye niliyezikausha?" alijibu Msumari, na papo hapo akajutia swali lake. Aliharakisha hatua kabla Kifutio hajalijibu.

Nyumbani, mama yake alikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni. Alikuwa akishona mikanda ya bluu ya wanakwaya kwa ajili ya Jumapili. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho huku mguu wake haujaacha kukanyaga. Kisha akatema pini kiganjani.

"Ulimpigia kelele mwalimu wako?"

"Sauti ilinitoka tu, Mama. Lakini nilisema kweli."

"Kweli haina haja ya kupigiwa kelele. Mwalimu wako hajaziba masikio." Mama alikata uzi. "Sasa niambie jambo lingine. Zamu yako ya kumwagilia ilipofika, wewe ulikuwa wapi?"

Msumari alikumbuka. Aliuona uwanja, vumbi, na yeye mwenyewe akirukaruka darasa lao lilipofunga bao. Ndoo aliiacha imelala chini ya bomba.

"Mara moja tu," alisema.

Mama alimtazama.

"Zaidi ya mara moja," alisema Msumari, macho chini.

"Unaona? Umekataa uongo wa mwalimu huku umeukalia wa kwako kama kuku aliyekalia mayai. Mimi sikuambii ubebe kikapu kile. Uongo ni uongo, hata ukivishwa nguo za kanisani. Lakini kama unataka kusimama kwenye kweli, mwanangu, simama kwa miguu yote miwili. Nyani haoni kundule. Anza na lako."

Asubuhi iliyofuata, Mwalimu wa Kilimo alimwita mbele ya darasa. Kikapu chenye kabichi kubwa kilikuwa juu ya meza. Msumari alifunga mikono nyuma.

"Mwalimu, naomba radhi kwa kukupigia kelele kanisani. Ulikuwa utovu wa adabu," alisema. "Halafu naliomba radhi darasa. Sikumwagilia zamu zangu. Nilikwenda kutazama mpira. Kabichi zetu zimekufa, na mimi ni mmoja wa walioziua."

Wanafunzi wakatazamana. Hakuna aliyetarajia hilo.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu, uso ukilainika. Alimsogezea kikapu. "Haya sasa, sema maneno ya Jumapili."

"Hapana, Mwalimu."

"Umesemaje?"

"Maneno hayo sitayasema na kikapu hiki. Ukinipa adhabu nitaifanya. Ukinitoa kwenye maandamano nitatoka. Lakini nikisema ni kazi ya mikono yetu nitakuwa nimedanganya, na wote humu ndani tunajua."

Mwalimu alipumua kwa nguvu. "Basi umejitoa mwenyewe. Kaa chini." Alinyanyua kikapu na kukipeleka kwenye dawati lile lile. "Kifutio, utabeba wewe."

Kifutio alisimama. Alikiangalia kikapu, akamwangalia rafiki yake. Mtoto aliyezoea kuazima kila kitu, leo ikabidi atafute neno lake mwenyewe.

"Mwalimu... na mimi naomba nisibebe. Mimi nilimwagilia siku moja tu, tena nilimwagilia miguu yangu kwa sababu ya joto."

Kicheko kikapasuka. Kiliposhuka, mkono mmoja ulinyooshwa nyuma, kisha mwingine. Mwalimu aliuliza ni nani atakayebeba, lakini mikono ile haikuwa ya kujitolea. "Hata mimi sikumwagilia, Mwalimu," alisema mmoja. "Hata mimi," akasema mwingine. Yule aliyeanzisha wimbo wa Mtakatifu Msumari alinyoosha wa kwake mwisho kabisa, uso ameuficha nyuma ya daftari. Mwalimu wa Kilimo alichukua kikapu chake akatoka bila kuaga.

Wakati wa mapumziko Msumari hakwenda uwanjani. Alikwenda bustanini na ndoo. Alipalilia magugu, akamwagilia mashina yaliyokuwa bado na uhai, akawatoa viwavi mmoja mmoja kwa kijiti. Kifutio alimfuata, kisha wengine kadhaa. Wengine walibaki uwanjani wakiwazomea. Msumari akajaza ndoo nyingine.

Ghafla kivuli kikawaangukia. Alikuwa Mwalimu.

"Kwa hiyo mmeamua kuniaibisha," alisema. Hakuwa na hasira tena. Alionekana amechoka.

Msumari alisimama, magoti yamejaa udongo. "Mwalimu, aibu si yako. Wewe ulitufundisha kila kitu. Sisi ndio tuliozembea. Jumapili nitasema hivyo hivyo mbele ya watu, kama utaniruhusu."

Mwalimu alichuchumaa. Aliishika kabichi moja ndogo kama ngumi, akaigeuza, akatoa kiwavi aliyejificha kwenye jani. Wakati huo Sista Mkuu alikuwa anapita kuelekea kanisani. Alisimama kwenye ukingo wa bustani.

"Hizi ndizo kabichi za Jumapili?" aliuliza. "Mwalimu, si ulisema zimestawi?"

Watoto walimtazama Msumari. Msumari aliinamia ndoo yake. Hakutaka kumsemea mwalimu wake.

Mwalimu akainuka polepole, akajifuta mikono kwenye suruali. "Nilidanganya, Sista. Zilidumaa. Nikaenda kununua nyingine sokoni ili watoto wazitoe kama zao. Wamekataa. Huyu alianza, wengine wakafuata. Na mimi nilitaka kumwadhibu."

Sista Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kabichi za sokoni zipelekwe jikoni," alisema hatimaye. "Huko hakuna atakayeziuliza zimetoka wapi. Na hizi zitakwenda altareni, mikononi mwa Msumari."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka milangoni. Kwaya iliimba, mikanda ya bluu ikipendeza, na maandamano ya matoleo yakaanza. Nyanya za darasa la tano ziling'aa kama taa. Nyuma yake akaja Msumari na kikapu chake. Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi, na mtu mmoja akacheka waziwazi. Msumari alisikia masikio yakiwaka moto, lakini hakuinamisha kichwa. Alitembea taratibu kama alivyofundishwa, mpaka mbele ya Baba Askofu.

"Baba Askofu," alisema, na safari hii hakupaza sauti, ingawa ilisikika hadi nyuma. "Darasa la sita tulifundishwa vizuri, tukapanda, kisha tukazembea. Hizi ndizo zilizobaki. Ni kazi ya mikono yetu."

Kicheko kile kikakatika. Askofu aliitwaa kabichi moja, akayatazama matundu yake.

"Naona wadudu wamewatangulia mezani," alisema, na kanisa likacheka kwa furaha. Kisha akaiinamia kidogo, akaipokea kwa mikono miwili, na kuiweka pamoja na matoleo mengine. Kwenye benchi la walimu, Mwalimu wa Kilimo alijipangusa uso kwa leso.

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, Sista Mkuu aliwaita darasa la sita na mwalimu wao bustanini. Wapo waliodhani wanakwenda kupigiwa makofi. Walikuta mbegu mpya, majembe, na ndoo zimepangwa.

"Msidhani nimewaita kuwasifu," alisema Sista. "Bustani iliyokauka haimletei mtu sifa. Mungu hana njaa ya kabichi, watoto wangu. Alichotaka ni mikono yenu, na mikono yenu ilikuwa uwanjani. Mmetubu, mmesema kweli, hilo limekwisha. Lakini toba isiyoshika ndoo ni maneno matupu."

Alimgeukia Msumari. "Na wewe. Siku nyingine mkubwa akikosea, mweleze kwa adabu. Ila usikubali kamwe kubeba uongo kwa sababu tu anayekupa ni mkubwa. Heshima ni kumpa mkubwa haki yake, na haki yake mojawapo ni kuambiwa ukweli. Si ndivyo, Mwalimu?"

"Ndivyo, Sista," alisema Mwalimu wa Kilimo. Alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Alichukua jembe lililokuwa karibu, akatema mate viganjani, na kuanza kuchimba mstari wa kwanza. Darasa la sita wakaingia nyuma yake.