Mstari Uliolala Njia Panda

Haya kaniambia Tihana, jirani yangu hapa Osijek, Kroatia, na Tihana si mtu wa kutunga.

Jioni moja ya ukungu alipanda tramu, lile gari la reli la mjini, kupeleka viatu kwa fundi. Dereva alikuwa Zdravko, yule aliyemgonga Ljerka, mfagiaji wa reli, akiwa kazini njia panda, akamuua. Kwa hakimu aliapa kwamba mstari mweupe kwenye taa ya barabarani inayoongoza tramu ulikuwa umesimama, yaani pita. Sisi tuliokuwapo tuliuona umelala, yaani simama. Akaachiwa.

Jioni hiyo, njia panda ileile, mstari ukalala. Magari yakaruhusiwa mara tatu, tramu hapana.

"Zdravko, leo ndiyo umejua kusubiri?" bibi mmoja akamchokoza.

"Reli imeziba kwa uchafu, taa haibadiliki," akajibu bila kugeuka. "Siku hizi hakuna anayefagia."

"Na nani kasababisha?"

Zdravko akachukua chuma chake cha kugeuzia reli, akashuka, akainama mbele ya tramu. Tihana akasikia ufagio ukikwaruza reli taratibu, chini ya miguu yake.

Ufagio ukanyamaza. Kwenye chumba cha dereva, ambamo hamkuwa na mtu, kengele ikalia mara mbili, kama tramu inapotaka kuondoka.

Tihana akainua macho. Mstari ulikuwa umesimama, na Zdravko bado ameinama relini.