Niliitia Maji Dawa ya Mume Wangu

Nina miaka arobaini na nane, mjane, fundi cherehani hapa Mfaranyaki, Songea. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma kabla hamjasoma mpaka mwisho...

Mume wangu, Baba Anjela, alikuwa seremala. Saratani ya tezi dume ilipomwingia mifupani, hospitali walimpa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Nesi alinielekeza vizuri: dozi moja kila baada ya saa nne, na maumivu yakimvamia ghafla katikati, nimpe ya ziada.

Mume wangu akarudi kuwa mtu! Akala, akacheka, akawa anakaa nje kupiga randa vibao vyake.

Miezi ikapita. Yale maumivu ya ghafla yakazidi, naye akawa anaomba ya ziada mara kwa mara. Ndipo mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani akanivuta pembeni. "Mama Anjela, hayo si ndiyo madawa ya kulevya? Unauguza mgonjwa au teja?"

Maneno yale yakanikaa. Kwa nini sikwenda kumuuliza nesi? Mpaka leo najikasirikia! Nilichofanya ni kumwaga nusu ya kila chupa mpya, nikajazia maji.

Baba Anjela akaanza kuteseka upya. Alikuwa anang'ata shuka. "Mama Anjela, maumivu yameishinda dawa," aliniambia. Na mimi, nikijua nilichofanya, nikamwambia avumilie!

Kliniki daktari akaongeza dozi. Tukarudi, akaongeza tena. Mimi nimekaa palepale kwenye benchi... Ningefungua mdomo mara moja tu!

Siku moja nilikwenda Msamala kupeleka sare za kwaya. Chupa mpya ilikuwa imeletwa asubuhi hiyo, sijaigusa. Wifi yangu Skola, aliyekuja kutoka Mpitimbi kumwona kaka yake, akampimia kama karatasi ya kliniki ilivyoagiza. Maumivu yakamvamia, akampa na ya ziada. Dozi iliyopandishwa kwa sababu ya maji yangu, siku hiyo akainywa bila maji!

Niliporudi mchana nilimkuta Skola analia. Mume wangu haamki. Pumzi inakuja... inakawia... inakuja.

Hospitali walimchoma sindano, akazinduka. Daktari akamgeukia Skola kwa ukali, akamuuliza amempa kiasi gani. Nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, si yeye. Ni mimi."

Nikasema yote. Mume wangu alikuwa anasikia.

Daktari alisema mwili kuizoea dawa si uteja. Akasema dawa ile ina hatari zake, ndiyo maana wanaipandisha na kuishusha wao, kwa kumfuatilia mgonjwa. Wakaanza upya na dozi ndogo.

Baba Anjela aliishi miezi saba zaidi, akiwa na nafuu, Skola akabaki kwetu kumuuguza. Hakunitukana hata mara moja. Lakini kila nilipomletea dawa, alisema taratibu, "Acha, Skola ataleta." Ilikuwa hivyo mpaka siku ya mwisho.

Ndugu zangu mnaouguza, mkiwa na hofu na dawa ya mgonjwa, ipelekeni hofu hiyo kwa aliyeandika dawa, si kwa jirani! Msipunguze, msiongeze, msifiche kitu. Mume wangu alikufa akiwa amenisamehe, ila haniamini... Nawasihi, msifike hapo nilipofika mimi.