Rais Aliyenyolewa Nusu

Haki ya nani hutaniamini! Rais wa nchi, rais mwenyewe, alitoka kwenye kibanda cha kinyozi mtaani kwetu kichwa kimenyolewa upande mmoja. Nilikuwepo kwenye benchi. Picha sina, walinzi walishanichukulia simu mlangoni. Macho hawakuchukua.

Kinyozi huyo ni kaka yake rais, tumbo moja. Amemnyoa tangu utotoni. Hata mdogo mtu alipochaguliwa, alikataa kinyozi mwingine. Akawa anakuja na msafara wake. Mlinzi anakagua wembe, anaukagua tena.

"Kagua na poda," kinyozi humtania, "isije ikalipuka."

Siku hiyo hakutania. Mwanawe alikuwa na kesi. Alimgonga mzee mmoja kwa pikipiki, mzee akavunjika nyonga. Kesi ilikuwa imekaribia.

Mashine ikinguruma, kinyozi akasema:

"Mpigie jaji simu. Neno moja tu, mtoto abaki nyumbani."

"Siwezi, kaka."

"Huwezi? Si unaamuru jeshi wewe!"

"Jeshi, ndiyo. Jaji, hapana. Nikianza kuamuru majaji, asiye na ndugu Ikulu atakimbilia wapi?"

"Yule ni damu yako!"

"Na yule mzee ni raia wangu. Mtafutie kijana wakili, kaka. Tafuta walioona ajali."

Kinyozi akazima mashine. Akamvua shuka shingoni.

"Inuka. Nenda kanyolewe na katiba yako."

Mlinzi akasogea. Rais akamzuia kwa mkono. Akajitazama kwenye kioo: upande huu msitu, upande ule uwanja wa ndege. Sisi wa kwenye benchi tukabana midomo. Akavaa kofia, akatoka. Jioni, kwenye taarifa ya habari, watu wakaulizana: leo rais na kofia, kulikoni?

Sasa sikia kosa lenyewe. Kinyozi hakutafuta wakili.

"Ananitisha tu," alimwambia mkewe. "Damu itamsuta, atapiga."

"Na asipopiga, baba watoto?"

"Nimekwambia atapiga!"

Hakupiga. Kijana akasimama mahakamani peke yake, hana wakili, hana shahidi. Akafungwa. Mama yake alilia mpaka sauti ikakauka.

Ndipo akaja jirani yao tunayemwita Shangazi Sheria. Anafanya kazi ofisi ya msaada wa kisheria, pale wanaposaidia watu bure.

"Shemeji," alimwambia kinyozi, "siku mdogo wako alipoapishwa, ulikuwepo?"

"Mstari wa mbele!"

"Ulisikia alichoapa?"

Kinyozi akainama. "Nilikuwa naangalia kichwa. Nilikuwa nimemnyoa asubuhi ile."

"Aliapa kuilinda katiba. Katiba inasema jaji haamriwi na mtu, hata rais. Akivunja hilo kwa ajili yako, amewavunjia wote. Rais akishaapa, shemeji, hata undugu wake una mipaka. Lakini kijana ana haki yake. Twende tukakate rufaa."

Wakaenda. Wakampata muuza matunda wa pale barabarani. Aliona gari likimsukuma kijana nje ya njia, ndipo akamgonga mzee. Mahakama ya juu ikakubali kumsikiliza shahidi huyo, ikamwachia kijana. Bila simu ya mtu yeyote.

Kijana aliporudi, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kumwona yule mzee. Baba yake naye akampigia mdogo wake. Ilichukua muda kuunganishwa.

"Nisamehe," alisema. "Njoo nimalizie ule upande."

Rais akasema, "Natamani, kaka. Lakini nikija sasa, watu watasema nilipiga simu. Kijana ataitwa mtoto wa simu maisha yake yote. Ngoja nimalize muda wangu."

"Miaka yote hiyo?"

"Kesi isingekuwepo, ningekuja hata kesho. Sasa ngoja."

Siku hizi, rais akitokea kwenye runinga, kinyozi husimamisha kazi. Humtazama kichwani tu.

"Kisogoni wamemkosea," husema polepole. Kisha hurudi kwa mteja wake.

Hebu niambie wewe unayesoma. Mashine iko mkononi mwako, mwanao ana kesi, na rais ni mdogo wako, umemshika kichwa hivi. Ungefanyaje?